Marahaba Isiyopanda Wala Kushuka

Nansio, Ukerewe
2 Machi 2024

Mama Msafiri mpendwa,

Shikamoo. Assalaam alaykum. Mimi ni Fadhila binti Maige, yule mwalimu wa Nansio ambaye mwanao amekueleza habari zake. Naandika kwa mkono kwa sababu simu imenishinda. Barua hii nampa Mzee Chenge, karani wa mizigo melini, ambaye anasema kibaraza chako cha kushonea pale Mirongo anakijua hata akifumba macho.

Jumatano Msafiri alinipa namba yako akasema, "Mpigie mama, anakusubiri." Kwetu Magu, Mama, mtoto wa kike akimwamkia mkwe hupiga goti. Najua simu haioni magoti. Hata hivyo nilifunga mlango wa chumba changu, nikatandika khanga, nikapiga goti, ndipo nikapiga simu. Nikasema, "Shikamoo Mama." Ukajibu, "Marahaba."

Sisi Wasukuma tunapima salamu, ndivyo tulivyolelewa. Mzee akifurahi kukusikia, marahaba yake huivuta, huipandisha kidogo, kisha huishusha polepole. Akiwa na neno nawe, huikata. Yako haikuvutwa wala haikukatwa, haikupanda wala kushuka. Nikauliza habari za nyumbani, ukasema, "Nzuri." Nikasema nashukuru kukufahamu, ukasema, "Na mimi nimefurahi," kwa sauti ambayo Mzee Chenge angesomea namba za magunia. Nikaaga. Nikabaki pale pale kwenye khanga muda mrefu.

Nilikuwa nimejipanga kukuomba kitu siku ile. Msafiri anasema wewe ndiye uliyekuwa ukiongoza maulidi ya wanawake, na kwamba ukisoma, hata waliokuja kwa ajili ya pilau walikuwa wakinyamaza. Mimi nafundisha darasa la pili. Watoto wangu wanajua herufi zote, lakini wakisoma wanaimba. Kila sentensi ina wimbo uleule: "Ba-ba-a-na-li-ma-sha-mbaaa." Awe baba analima, awe baba amefariki, wimbo ni huo. Mwalimu mkuu wetu, Revocatus, amesema wakija wageni wa wilaya wakawasikia, nitajibu mimi. Nilitaka unifundishe namna ya kuwafundisha.

Sasa sijui kama nina haki ya kuomba. Mwezi wa sita wajomba wa Msafiri wanakuja Magu na barua ya posa, na baba yangu ameshaanza kuwatangazia watu. Mimi nampenda mwanao, sitaficha. Lakini siwezi kuingia nyumba ambayo mwenyewe hanitaki. Shangazi yangu aliishi kwa mkwe aliyemwitikia nusu nusu, mpaka naye akawa hasemi hata akirudi kwao. Kama hunitaki niambie mapema, nimwachie Msafiri kabla wazee hawajafunga safari. Sitakuchukia.

Mwanao, kama utaniruhusu kujiita hivyo,
Fadhila


Mirongo, Mwanza
8 Machi 2024

Mwanangu Fadhila,

Marahaba, marahaba sana. Nimekuruhusu.

Habari ya goti nimeisoma nikacheka mpaka cherehani ikasimama, halafu nikaona machozi si ya kicheko tena. Nani siku hizi anapigia goti simu? Msafiri sikumtegemea kabisa kuchagua mtu. Huyu ni kijana ambaye shati tu nilikuwa namchagulia mpaka ana miaka ishirini.

Ile simu isikutie unyonge. Spika yake ni mbovu, inazitoa sauti za watu vibaya. Hata Msafiri nimemwambia tuandikiane meseji mpaka nipate fundi. Wewe usinipigie, niandikie. Barua napenda zaidi, naisoma nikiwa na chai.

Sasa watoto wako. Kosa si lao. Wamefundishwa kusoma kwa pamoja, na watu thelathini hawawezi kusoma pamoja bila kuimba. Watenganishe. Kiswahili chetu kina hatua yake: kila neno hukanyaga silabi ya pili kutoka mwisho, ndiyo maana hata mgeni akijifunza hilo tu, anaeleweka. Hiyo ni hatua ya mguu, watoto wanayo tayari. Wanachokosa ni kujua wanaelekea wapi. Chukua sentensi, mwulize mtoto: neno lipi likiondoka hapa sentensi inakufa? Hilo ndilo la kukanyaga kwa nguvu. Mengine yapite.

Halafu wape mchezo huu. Andika ubaoni: Baba amekuja. Maneno mawili, usibadili kitu. Mmoja aseme kama anayempa jirani habari. Mwingine aseme kama anayeuliza, maana Kiswahili hakina haja ya neno la kuulizia, sauti tu inatosha. Mwingine aseme kama aliyemngoja baba tangu asubuhi. Mwingine kama aliyevunja kikombe cha baba. Utaona darasa litakavyochangamka.

Wakizoea, wawekee alama kama nilizokuwa naweka mimi kwenye kitabu changu cha maulidi: mshale wa juu pale sauti inapopanda, wa chini pale inaposhuka, mkwaju mmoja, ule mstari wa kulala upande, pumziko fupi, mikwaju miwili pumziko refu. Mshale wa chini wengi huusahau. Mtu akikosa kushusha sauti, msikilizaji anabaki amening'inia, hajui kama amemaliza.

Usimwachie mtu mwanangu. Wajomba watakuja.

Mama yako,
Moza binti Khalidi


Mirongo, Mwanza
10 Machi 2024

Zahabia, mdogo wangu,

Duka lako la vitambaa lipo, nalitazama kila nikipita Makoroboi, Vipul uliyemwachia analifungua saa mbili badala ya saa moja na kulifunga mapema. Mimi simsemi, nakupa habari tu. Mjukuu anaendeleaje? Dar isikuzoeshe, rudi.

Nakuandikia wewe kwa sababu ndiye pekee uliyekuwepo nilipoanguka mwezi wa kwanza, na ndiye uliyenishika mkono hospitali. Mguu sasa unatembea. Mkono wa kushoto unashika kitambaa, haujapata nguvu ya kukivuta. Lakini sauti haijarudi, Zahabia. Maneno yote ninayo, siyasahau, siyachanganyi. Wimbo wa maneno ndio umekwenda. Yule daktari kijana alinieleza kwamba upande wa kulia wa ubongo ndio unaopandisha na kushusha sauti, na ndio ulioumia. Alisema huenda ikarudi kidogo, huenda isirudi. Aliongea vizuri sana, sauti inapanda, inashuka, nilimwonea wivu.

Hujui jinsi watu wanavyosikiliza wimbo kuliko maneno. Muuza dagaa wangu wa Kirumba nilimwambia, "Dagaa wako wazuri leo," akanijibu, "Kama hutaki si uache, mama." Nikimwuliza mtu, "Umekula?" anadhani namwambia amekula. Sasa kila swali naanza na "je," kama mtihani wa darasa la saba. Wanawake wa maulidi walikuja kunitazama, nikawaambia nimefurahi kuwaona, wakaangaliana. Hawajarudi.

Na sasa mchumba wa Msafiri. Alinipigia. Sauti tamu, ya heshima, ina Usukuma ndani yake, inapanda pale ambapo yetu inashuka. Nilimpenda kabla hajamaliza salamu. Nikamjibu, na nikajisikia mwenyewe nikimjibu. Ameniandikia anauliza kama simtaki. Nimemwambia spika mbovu.

Msafiri naye hajui. Akijua ataacha kazi ya gati Tanga, atakuja kukaa hapa kunitazama kama yai. Basi nifanyeje? Nikimwambia binti ukweli, ataona anaolewa aje kuuguza mgonjwa. Acha kwanza waoane.

Dada yako,
Moza


Dar es Salaam
20 Machi 2024

Dada Moza,

Shikamoo. Mjukuu mzima, ana mapafu ya kuuza mitumba, analia mtaa mzima unasikia. Mwambie Vipul nimezipata habari zake.

Dada, umekosea, na nakwambia hivi kwa sababu nakupenda. Wewe unaficha ugonjwa, mwenzio anaona kukataliwa. Mtu akiumwa tunampikia uji. Mtu akitukataa tunampikia nini? Mimi nilipoolewa Mwanza nikitokea Bukoba, mama mkwe alikuwa hanisemeshi asubuhi. Nililia mwezi mzima. Kumbe meno yake yalikuwa ya bandia, hakuyavaa mpaka achemshe maji ya kuyaosha, na aliona aibu kwa bibi harusi. Meno tu, Dada! Angeniambia.

Yule mtoto mwambie. Kwa Msafiri nakupa muda, lakini yule mtoto mwambie.

Zahabia wako


Nansio, Ukerewe
12 Aprili 2024

Mama Moza,

Shikamoo. Idd mubarak.

Naanza na mema. Mchezo wa "Baba amekuja" umefika mpaka darasa la nne, walimu wenzangu wanalalamika kwamba baba anakuja shule nzima. Kuna mtoto wa Kijita aliyekuwa hafungui mdomo. Juzi amesoma ukurasa mzima wa hadithi ya fisi, na fisi alipoongopa, sauti yake ilikwenda juu ya mti. Mwalimu mkuu alicheka peke yake mlangoni. Alama zako nimezichora ubaoni kwa chaki ya rangi.

Sasa lile ambalo sina namna ya kulisema vizuri. Siku ya Idd nilitamani kukupa mkono wa Idd mwenyewe. Simu yangu haikuwa na chaji, nikaazima ya mwalimu mwenzangu Modesta. Ukapokea. Simu ilikuwa safi, Mama. Nyuma yako nilisikia watoto wakipita na filimbi, nikasikia kijiko kwenye kikombe. Spika ya namna hiyo si mbovu.

Nikasema, "Idd mubarak Mama, ni Fadhila." Ukasema, "Nimefurahi sana." Ukasema, "Je, umekula." Ukasema, "Nakuombea heri." Maneno mazuri yote matatu, na katika yote sikusikia mtu. Niliposema kwaheri Modesta aliniuliza nani amefariki.

Nimefikiri sana, na mwisho nimeona jambo moja tu. Barua ile hukuiandika wewe. Mwanamke anayecheka mpaka cherehani inasimama hawezi kuwa yule niliyemsikia. Kuna mtu mwema anakuandikia, pengine jirani, pengine Msafiri mwenyewe kutoka Tanga, ili nisivunjike moyo. Nimeipenda barua ile kuliko ninavyoweza kueleza, ndiyo maana inaniuma.

Nitamwambia baba awazuie wajomba. Nitasema ni mimi nimebadili nia, lawama isiwafikie ninyi.

Fadhila Maige


Nansio, Ukerewe
17 Aprili 2024

Mama,

Shikamoo. Kama barua yangu ya Idd imekufika, usiijibu. Kama haijafika, usiifungue. Baba sijamwambia kitu. Nisikilize hii.

Jana nilikuwa natayarisha somo. Nilitaka kuwaonyesha watoto sentensi moja kwa nyoyo nyingi, na kwa sababu ilikuwa inanikereketa, nilichagua "Nimefurahi sana." Nikaisema kama aliyefurahi kweli. Nikaisema kama aliyeudhika anayejilazimisha. Nikaisema kwa kejeli. Nikaisema kama mwongo. Modesta alikuwa mezani anasahihisha madaftari, amenizoea.

Mama, hasira nayo ina wimbo. Kejeli ndiyo ina wimbo mrefu kuliko zote. Mwongo hupandisha sauti mno, na mwenye chuki akijizuia kiasi gani, sauti itamchomoka mahali fulani, mara nyingi mwishoni. Mtu asiyekutaka hawezi kukuficha kwa sauti, kwa sababu kule kuficha nako kunasikika.

Nikajaribu kuisema kama ulivyoisema wewe. Nikashindwa. Nilijaribu tena na tena, kila mara kitu kinapanda au kinaanguka chenyewe. Mwishoni nililegeza uso wote, nikalitoa kila neno kama si langu, na ikatoka. Ilikuwa yako kabisa. Modesta akaweka kalamu chini akaniuliza, "Wee, unaumwa?"

Nikakaa kitini. Sikuwaza hilo hata mara moja. Nilipima marahaba yako kwa mizani ya Magu, nikasahau kuuliza kama mwenye marahaba ni mzima. Nimejiona mjinga, na nimejiona mbaya, kwa sababu nilikuwa najihurumia mimi tu muda wote huu.

Mama, una nini? Usinifiche. Wewe ndiye uliyeandika barua ile, sasa nina hakika, na ndiye uliyesema "nakuombea heri." Zote mbili ni wewe. Niambie kilichotokea katikati.

Mwanao,
Fadhila


Mirongo, Mwanza
22 Aprili 2024

Mwanangu,

Barua zako mbili zimefika siku moja, Mzee Chenge alizifunga pamoja kwa kamba ya gunia. Nilisoma ya kwanza, nikalala kitandani na viatu. Nikaamka nikasoma ya pili.

Ndiyo, naumwa. Nilipata kiharusi mwezi wa kwanza, hapa hapa kibarazani, mkasi mkononi. Mwili umerudi kwa kiasi kikubwa, wimbo wa sauti umekatika. Daktari anasema ni sehemu ya ubongo. Wanaonijua hawanijui tena, na wasionijua wananiogopa. Nimekuwa mtu wa barua kwa sababu kwenye karatasi bado nasikika kama mimi. Msafiri hajui lolote. Rafiki yangu Zahabia, ambaye ni kama mdogo wangu, aliniambia nikuambie tangu Machi, sikumsikia, nami nimekutesa bure. Nisamehe.

Ile marahaba uliyoipima, ngoja nikueleze ilivyokuwa huku. Niliposikia "Shikamoo Mama," nilikuwa na furaha sana. Nilitaka kuivuta mpaka ikufike Nansio kwa miguu yake. Nilijua kabisa mahali pa kuipandisha na mahali pa kuishusha, nimeifanya maisha yangu yote. Nikafungua mdomo ikatoka ile uliyoisikia. Ilikuwa imejaa, Fadhila. Haikuwa tupu hata kidogo.

Sasa nakwambia hofu yangu, maana umeniuliza kama mwana. Siku utakapoletwa hapa, mimi ndiye natakiwa kukupokea mlangoni. Mirongo nzima itanyamaza ili nianze, kama walivyonyamaza siku zote. Nitakwambia "karibu mwanangu" mbele ya mama yako, naye ataisikia kama ulivyoisikia wewe. Na baada ya harusi kuna asubuhi, na asubuhi nyingine. Utaamka kila siku usikie sauti hii ikikuuliza kama umelala vizuri. Mwanzoni utakumbuka kwamba ni ugonjwa. Siku ukichoka, ukiwa na mtoto mgongoni na jua kali, utasahau. Masikio hayana subira. Yangu mwenyewe yananisikia na yananikataa.

Kwa hiyo nimefikiri mkikaa Tanga itakuwa vizuri zaidi. Mtaniandikia. Mimi na wewe tumeshajua kuandikiana.

Mama yako,
Moza


Nansio, Ukerewe
6 Mei 2024

Mama,

Shikamoo. Nimefika salama kutoka kwako. Ziwa lilichafuka kidogo tulipopita visiwa, mama mmoja wa Nansio alisali rozari yote, na mimi nikamwitikia ingawa si ya kwetu. Mzee Chenge amenikabidhi kapu la maembe, nikamwambia ni mengi mno, akasema amri imetoka Mirongo.

Hukujua nakuja, na ndivyo nilivyotaka. Ningekwambia ungepika siku mbili na kujiandaa kusema. Nilitaka nikusikie bila maandalizi.

Yapo niliyoshindwa kuyasema mbele ya macho yako, nayaandika sasa. Siku ya kwanza nilikuwa na hofu. Masikio yangu yalifanya kama ulivyosema, kila ukisema nilishtuka ndani, na nilikuwa nikijikumbusha, ni ugonjwa, ni ugonjwa, kama mtu anayetafsiri. Usiku niliwaza kwamba Mama ana haki, sitaweza hivi miaka yote. Nakwambia ukweli kwa sababu nimechoka na kufichana.

Siku ya pili nilikusindikiza Kirumba kununua dagaa, nikakaa nyuma yako kidogo nikiwa nimeshika kikapu. Nikaacha kutafuta sauti inapanda wapi. Nikasikiliza tu unatembeaje katika maneno. Na Mama, kuna kitu unafanya, na nina hakika hukijui.

Unasimama. Kabla ya neno unalolipenda, unasimama kidogo. Si popote. Ulimwambia yule mama wa dagaa, "Nipe kilo moja," moja kwa moja bila kituo. Halafu ukanionyesha kwake ukasema, "Huyu ni mkwe wangu," na kabla ya "mkwe" ulinyamaza. Nilidhani umesahau neno. Jioni ukasema, "Chai iko mezani," bila kituo. Halafu, "Umechoka, mwanangu," na kabla ya "mwanangu" ukanyamaza tena. Nilianza kukuwekea alama kichwani, kama ulivyonifundisha:

Karibu // Fadhila.
Lala / umechoka // mwanangu.
Msafiri alipokuwa mdogo / alikuwa na // aibu.

Kila mara, mahali ambapo zamani sauti yako ingepanda, ndipo unapokaa kimya. Hujapoteza wimbo wote. Kupanda na kushuka kumekwenda, mwendo umebaki, na kila kilichokuwa cha sauti umekihamishia kwenye mwendo. Kabla sijaondoka bandarini ulisema, "Nenda salama," ukanyamaza muda mrefu hata mpakia mizigo akageuka kututazama, ndipo ukasema jina langu. Mama, hakuna mtu aliyewahi kuniita kwa upendo namna ile, na sauti ilikuwa ileile ya magunia.

Sasa kuhusu Tanga. Sitaki. Msafiri akimaliza gati yake atatukuta Mirongo. Nimeomba uhamisho, Mwalimu mkuu Revocatus amekubali kusaini, ingawa amesema nimlipe kwa kumwachia michoro yote ya mishale. Nimempigia baba Magu, nimemwambia wajomba waje. Mama yangu nimemweleza habari yako yote, na siku ya kunipokea atasimama karibu nawe. Nimemfundisha asikilize wapi.

Masikio yangu yatajifunza, nayo hayajazeeka. Lakini Msafiri lazima aambiwe, na aambiwe na wewe. Nisiwe mimi ninayejua jambo la mama yake kabla yake.

Mwanao,
Fadhila


Mirongo, Mwanza
11 Mei 2024

Msafiri mwanangu,

Kaa chini kwanza kabla hujaendelea kusoma, na kama uko juu ya kreni, shuka. Niko hai, natembea, nakula, na nimeshona gauni la mtu wiki hii.

Mchumba wako alikuja. Alilala chumbani kwako, akakuta picha yako ya darasa la kwanza yenye kamasi, akaomba kuichukua, nikampa. Umechagua vizuri. Sikutegemea, lakini nakubali hadharani.

Spika ya simu yangu haina ubovu wowote. Nilikudanganya. Mwezi wa kwanza nilipata kiharusi, na tangu hapo sauti yangu haipandi wala haishuki. Nilikukinga usiisikie, nikijiambia nakulinda. Kweli yenyewe ni kwamba nilikuogopa. Ulipokuwa mtoto ulikuwa ukijilaza kwenye mkeka wa maulidi, kichwa kwenye paja langu, na niliposoma ulikuwa unasinzia kabla ya kurasa mbili. Nilihofia ukisikia hii ya sasa utaona yule mama ameondoka, na mimi bado sijaondoka.

Usiache kazi. Fadhila anahamia Mwanza, tumeshakubaliana, wewe hukuulizwa. Malizia gati, uje na wajomba mwezi wa sita.

Lakini Jumapili, mkimaliza zamu, nipigie simu. Nitapokea mwenyewe. Utashtuka, na usijifanye hukushtuka. Nitakwambia maneno ya kawaida, umekula nini, unalala wapi, na yatasikika kama natangaza vifo. Mapenzi usiyatafute kwenye sauti, hayamo.

Ila kuna mahali nitanyamaza katikati. Usianze kusema haloo, haloo, mama mbona kimya, ukadhani mtandao umekata. Usikate simu, baba. Subiri tu. Hapo ndipo ninapokuita.

Mama yako,
Moza